Fulana, Cheti na Nauli: Ndivyo Tunavyolea Viongozi?

Najua wengine mnasoma hapo kafe huku jicho moja liko kwenye dakika zinazokatika, kwa hiyo salamu ndefu tuziache. Leo nataka tuongelee jambo ambalo kila mwanasiasa analisema na wachache sana wanalifanya: kuwaandaa vijana kuwa viongozi.

Na nikisema vijana simaanishi baba wa watoto watatu mwenye miaka 34 ambaye bado ni katibu wa umoja wa vijana. Huyo yuko sawa kisheria, maana Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema kijana ni kuanzia miaka 15 mpaka 35, na Sera yetu ya Vijana ya 2007 ikasema hivyo hivyo. Mimi namwongelea dogo wa miaka 14, 15, 16. Yule aliyeko kidato cha pili, au aliyekwisha kuacha shule, ambaye jioni utamkuta kwenye chandimu, kwaya, madrasa, skauti au kijiweni tu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu nusu yao hawajafika miaka 18. Hao ndio mada yetu.

Kwa nini leo? Kwa sababu ya yale tuliyoyaona kwa jirani, na baadaye kwetu wenyewe. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Hawakuwa na chama wala mwenyekiti, tena walikuwa wanajisifu kabisa kwamba hawana kiongozi. Juni 25 wakaingia mpaka ndani ya Bunge, kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba muswada hausaini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika wiki zile. Kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana waliingia barabarani Dar na miji mingine, watu wakafa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Wenye kafe hamhitaji kukumbushwa. Novemba hiyo hiyo likatangazwa baraza jipya la mawaziri lenye waziri wa Ofisi ya Rais anayeshughulikia maendeleo ya vijana.

Nani alikosea na nani alifyatua, hiyo ni mada nyingine na ni nzito, siwezi kuipitia juu juu hapa. Nilichokinasa mimi ni wimbo uliofuata pande zote mbili za mpaka: "Vijana waandaliwe." Waandaliwe kimaadili, waandaliwe kizalendo, waandaliwe kiuongozi. Sawa, sina ugomvi. Ila nauliza, waandaliweje? Maana mimi mwenzenu niliwahi kuandaliwa. Ngoja niwasimulie.

Siku nilipoandaliwa

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 15, kidato cha pili, Temeke. Kuna kikundi kimoja (jina naliacha) kilikuja shuleni kutafuta waelimisha rika. Mnaokumbuka zile zama za vita ya UKIMWI mnajua, kila kata ilikuwa na waelimisha rika wake. Tukachaguliwa wanane. Semina siku tatu ukumbini, asubuhi chai na maandazi mawili, mchana wali nyama na soda. Mwezeshaji alikuwa na bango kitita na kalamu za rangi nne. Nauli tulipewa elfu tatu kwa siku, wakati daladala ya mwanafunzi ilikuwa shilingi hamsini. Mnaona wenyewe kwa nini tuliipenda semina!

Siku ya tatu tukapewa fulana, cheti chenye muhuri na kijitabu. Tukapigwa picha. Tukaambiwa: "Haya, nendeni mkaelimishe wenzenu." Basi. Yule mwezeshaji sikumwona tena mpaka leo.

Kama wiki tatu hivi baadaye, binti mmoja aliyekuwa anafanya kazi za ndani nyumba ya jirani akanisimamisha bombani. Alikuwa na miaka kama 14, mdogo kuliko mimi. Aliiona ile fulana. Akaniuliza kwa sauti ya chini: kama kuna mtu mzima wa humo ndani anakuja usiku chumbani kwako, unafanyaje?

Nikakumbuka kijitabu. Kulikuwa na njia za maambukizi, kulikuwa na dalili, kulikuwa na mchoro. Mambo ya mtu anayeingia chumbani usiku hayakuwepo. Nikamjibu kile tulichofundishwa kuimba: "Uwe na msimamo. Sema hapana."

Aliniangalia, akabeba ndoo yake, akaondoka. Baada ya siku chache nikasikia amerudishwa kwao. Kwao wapi, sikujua. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu katika siku zote tatu za semina hakuna aliyetuambia kwamba mkikutana na jambo zito kuliko umri wenu, mwendeeni fulani. Hatukupewa jina la mtu wala mlango wa kugonga. Cheti mama alikitunza kabatini, kipo mpaka leo.

Miaka zaidi ya 20 imepita na bado naliona lile jicho. Kwa hiyo ninaposikia "vijana waandaliwe", mimi sishangilii haraka.

Shule tatu za uongozi tulizonazo

Tukubaliane jambo moja: kijana wa miaka 15 anafundishwa uongozi kila siku, apewe semina asipewe. Suala ni anafundishwa na nani na anafundishwa nini. Kwa mtazamo wangu Bongo tuna shule tatu.

Ya kwanza ni ukiranja. Tangu darasa la tatu tunajua kiongozi ni nani: ni yule anayeandika majina ya wapiga kelele. Wenzake wakifagia, yeye kasimama na fimbo. Wenzake wakimwagilia maua, yeye anahesabu ndoo. Sisemi viranja wote, wapo waliokuwa watu safi kabisa. Lakini somo lenyewe linaloingia kichwani ni kwamba ukiwa kiongozi unaondolewa kwenye kazi na unapewa mamlaka juu ya wanaofanya kazi. Sasa huyo akikua akapewa ofisi, akakuta foleni ya wananchi nje na yeye anachati, tunashangaa nini? Si ndivyo tulivyomfundisha?

Ya pili ni semina. Hiyo nimeshaisimulia. Somo lake ni kwamba uongozi ni kuhudhuria. Unasaini karatasi ya mahudhurio, unasubiri posho. Kuna washikaji zangu wamehudhuria semina kumi na tano za uongozi na hawajawahi kuongoza hata timu ya mtaa. Vyeti vimejaa bahasha.

Ya tatu ni kampeni. Hapa dogo ambaye hajafika umri wa kupiga kura anapewa kofia, fulana na buku tano, anapandishwa Fuso kwenda kujaza mkutano. Wakubwa wanaita "vijana wamejitolea". Jamani! Kiswahili chetu kina akili. Kujitolea ni wewe unajitoa. Ukitolewa na mtu mwingine, hapo umetolewa tu, kama mbuzi anavyotolewa bandani.

Ukichanganya shule hizo tatu unapata kijana anayejua kuamrisha, kuhudhuria na kushangilia. Kupanga kazi, kuhesabu, kusikiliza, kurudisha majibu na kumwachia mwenzake nafasi, hayo hajawahi kufundishwa. Halafu siku moja nchi inachemka na tunamuuliza: "Kwani viongozi wenu ni nani?"

Hebu rudini kwenye yale ya Kenya muangalie vizuri. Walisema hawana viongozi, lakini kuna waliopanga sehemu za huduma ya kwanza. Kuna mawakili waliojitolea kuwafuatilia waliokamatwa. Kuna waliochangisha hela za hospitali kwa simu, na kuna waliokaa chini kuutafsiri ule muswada kwa lugha za makabila yao ili bibi kijijini aelewe unasema nini kuhusu mkate. Huo wote ni uongozi, umekosa cheo tu. Na uongozi wa namna hiyo hauoti kwa usiku mmoja kama uyoga. Lazima kuna mahali mtu alianza kuuzoea akiwa mdogo, kwenye jambo dogo.

Twende Mathare

Sasa tukiwa bado Nairobi, niwapeleke Mathare, moja ya mitaa ya mabanda mikubwa ya jiji lile. Mwaka 1987 Mkanada mmoja aitwaye Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi za ushauri wa mazingira na Umoja wa Mataifa, alianzisha pamoja na watoto wa pale chama cha michezo kinachojulikana kwa kifupi MYSA. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi na kamba, kama sisi tu. Walitaka ligi, refa na mipira ya kweli.

Ujanja uko kwenye sharti. Aliwaambia kwa maana hii: mkifanya kitu nanyi mtafanyiwa kitu, msipofanya hamfanyiwi. Mathare ilikuwa imezama kwenye taka na mitaro iliyoziba, maji machafu yakipita milangoni na watoto wakiugua. Kwa hiyo usafi ukaingizwa kwenye msimamo wa ligi. Timu inayomaliza zoezi lake la usafi wikiendi inapata pointi sita. Pointi sita, wadau, wakati ukishinda mechi unapata tatu! Yaani unaweza kuwa na washambuliaji hatari kama nini, lakini mkikwepa reki na mkokoteni, ubingwa mnausikia redioni.

Sasa angalia hiyo sheria inamfanya nini nahodha wa miaka 14. Hawezi kusimama na fimbo kama kiranja. Ni lazima Jumamosi asubuhi awaamshe wenzake, awashawishi, ajue nani ana koleo, ajue nani anaumwa, aanze yeye mwenyewe kuingia mtaroni, maana asipoingia hakuna atakayeingia. Akifika jioni, pointi zinaonekana kwenye karatasi na kila mtu anazisoma. Hapo hakuna cha posho, na huwezi kudanganya, kwa sababu mtaro ama umezibuliwa ama haujazibuliwa.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1992 wasichana wakaingia kwenye mpira, jambo ambalo wazazi wengi hawakulitaka kabisa. Tangu 1994 vijana wao wakaanza kufundishwa masuala ya UKIMWI ili wawafundishe wachezaji wenzao. Kila kanda ikawa na kamati za kuchaguliwa zinazosimamia ligi, na wanaokaa humo wengi ni hao hao vijana wadogo wanaocheza. Refa ni kijana, kocha wa watoto ni kijana. Waliweka mpaka kadi ya kijani, ya kumpa mchezaji aliyeonyesha uungwana uwanjani.

Na kuna malipo, ila si ya mfukoni. Ukifundisha watoto, ukichezesha mechi, ukisimamia usafi, unaandikiwa pointi zako binafsi. Mwisho wa mwaka wenye pointi nyingi wanapata tuzo ya uongozi, na hela inapelekwa moja kwa moja shuleni kwao kulipa ada. Umeona hesabu hiyo? Kazi ya kijana inaheshimiwa, familia inapumua, na wala hakuna mtu wa kukaa ukumbini asubiri bahasha.

Matokeo? Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwapa tuzo yake ya Global 500. Mwaka 1994 ikazaliwa timu ya Mathare United, ikachukua kombe la taifa la Kenya mwaka 1998 na 2000, na ubingwa wa ligi kuu 2008. Wachezaji wake walitakiwa warudi kuwahudumia wadogo mtaani kama sehemu ya wajibu wao. Mwaka 2003 na 2004 chama hicho kilitajwa kati ya waliopendekezwa kwa Nobel ya Amani. Kwa watoto walioanzia kwenye mtaro, si haba.

Wenye skauti wataniambia hili si jipya. Kweli kabisa. Baden-Powell, yule jenerali wa Kiingereza aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliwagawa watoto kwenye vikundi vidogo vya sita mpaka wanane, na kila kikundi kikaongozwa na kijana mwenzao, mwalimu akakaa nyuma. Siri ni ile ile: kundi dogo, kazi inayoonekana, mkubwa yuko karibu lakini hashiki usukani.

"Wewe unaongea tu, watu wana njaa"

Nawasikia. Kuna mdau ameshaanza kuandika maoni: kujitolea ni starehe ya walioshiba, huku uswahilini dogo anatakiwa auze karanga.

Hoja hiyo naiheshimu, tena ndiyo maana nimeitaja ile tuzo ya ada. Huwezi kumwomba mtoto wa maskini atoe muda wake halafu umlipe makofi. Bongo ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, na mpaka cha sita tangu 2022. Lakini sare, madaftari, viatu na nauli vinawatoa wazazi jasho. Kikundi kinaweza kurudisha hapo hapo, hakihitaji mamilioni.

Na nikiri pia, Mathare haikuishi kwa reki peke yake. Kwa miaka mingi walisaidiwa na wafadhili, hasa wa Norway. Ukitegemea mfadhili, akipiga chafya wewe unalala kitandani. Sitaki kuwadanganya kwamba ni mteremko.

Kuna hatari nyingine ambayo ni yetu wenyewe. Kaya zinatozwa hela ya taka. Sasa ikiwa hela inakusanywa halafu watoto ndio wanazibua mitaro bure, na aliyelipwa kazi hiyo amelala, hapo kujitolea kumegeuka kuwa kuibiwa. Hili lilitukuta. Ndiyo maana nataka niwape la mtaani kwetu.

Tulivyojaribu

Miaka michache iliyopita tulianzisha ligi ndogo ya watoto mtaani kwetu, timu sita, Jumamosi. Tuliiga kila kitu cha Mathare bila aibu, mpaka pointi sita za usafi. Lakini kabla ya kununua mpira nilifanya jambo moja kwanza. Nilimwendea mama mmoja pale mtaani, muuguzi mstaafu, nikamwambia: "Shikamoo mama, naomba uwe mlango. Hawa vijana wakisikia jambo linalowazidi umri, waje kwako." Akakubali. Kila kiongozi mdogo anafundishwa hilo siku ya kwanza, kabla hajajua kupuliza filimbi: usimwahidi mtoto kwamba utatunza siri ya kuumizwa, usimhoji, mlete kwa mama. Na namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, inafanya kazi Tanzania na Kenya pia. Hiyo namba tumeibandika kila mahali. Mnajua kwa nini.

Jumamosi ya kwanza ya usafi zilikuja timu mbili. Ya pili, mbili. Msimamo ulipobandikwa dukani na timu ngumu kuliko zote ikajikuta ya tano, Jumamosi ya tatu zilikuja zote sita, na mabishano juu.

Katibu wa ligi alikuwa binti wa kidato cha tatu, miaka 16. Hakuna aliyemteua, wenzake walimchagua kwa sababu daftari lake halikuwa na makosa. Anaandika tarehe, timu, waliokuja, magunia ya taka yaliyojaa. Tukakusanya magunia kando ya uwanja, tukaahidiwa gari la taka. Wiki ya kwanza gari halikuja. Wiki ya pili, halikuja. Magunia yakaanza kunuka, mbuzi wakayapasua, wazazi wakaanza kulalamika kwamba tumewaletea watoto ugonjwa.

Binti akaja kwangu. "Kaka, tunaenda ofisini." Nikamwambia sawa, nitaenda. Akaniambia, "Hapana kaka, wewe utakaa nje." Nakiri, ilinichoma kidogo! Lakini nilikumbuka kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakihubiri.

Wakaingia watatu. Mimi nilikuwa dirishani, nilisikia. Wakaamkia vizuri. Mkubwa wa pale akauliza, "Nani amewatuma?" Binti akajibu, "Hatujatumwa mzee. Sisi ndio tuliofagia." Akafungua daftari akaanza kusoma: tarehe fulani, magunia 11, tarehe fulani, magunia 9, gari limeahidiwa tarehe hii, halijaja. Hakupaza sauti. Alisoma tu, ukurasa baada ya ukurasa. Mzee wa watu akawa hana la kusema, maana huwezi kugombana na tarehe.

Gari lilikuja Jumatano. Baada ya hapo likawa linakuja, likisahau linakumbushwa na lile daftari.

Sisemi tumebadilisha nchi. Timu moja imevunjika, mipira miwili imeibiwa, na kuna mzazi mmoja alimtoa mwanawe kwa sababu anasema tunawafundisha watoto kujibu wakubwa. Lakini siku ile dirishani nilielewa kitu ambacho siku tatu za bango kitita hazikunielewesha. Yule binti alikuwa na haki ya kuuliza kwa sababu alikuwa amefanya, alikuwa na ushahidi kwa sababu alikuwa ameandika, na hakuogopa kwa sababu hakuwa peke yake. Hayo matatu ndiyo mafunzo yenyewe. Mengine yote ni soda na maandazi.

Ukiitwa kujitolea, uliza haya

Kwa wewe wa miaka 15, 16 unayesoma hapa: wataku­ja kukuita. Kikundi, shirika, chama, msikiti, kanisa. Usikatae haraka, na usikubali haraka. Uliza:

1. Nitafanya kazi gani hasa? Wakikujibu "kuhamasisha" tu, uliza tena.
2. Ni saa ngapi kwa wiki, na mpaka lini? Shule isife.
3. Nikikutana na jambo linalonizidi, nimwendee nani? Nataka mtu ninayemjua sura, siyo "ofisi".
4. Nikiwa na watoto wadogo, tutakuwa wawili? Usikubali kubaki peke yako na mtoto, kwa usalama wake na wako.
5. Nauli na chakula ni juu ya nani? Kujitolea ni kutoa muda, siyo kutoa hela ya mama ya mboga.
6. Hesabu zinabandikwa wapi? Kama wewe hujui hela zinaingia ngapi, wewe ni pambo.
7. Nani atachukua nafasi yangu mwakani, na nitamfundisha lini?

Hilo la saba wakubwa zetu hawalipendi. Ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Na kwenu wakubwa mnaotaka kuwaandaa vijana, ombi langu ni dogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, kwa hiyo hamtufanyii hisani. Kabla ya kuchapa fulana, tafuteni yule mama wa kuwa mlango. Kabla ya kukodi ukumbi, tafuteni mtaro. Wapeni kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, waachieni wachaguane, lipeni kwa madaftari na ada, halafu kaeni nje ya dirisha. Itawachoma kidogo. Vumilieni.

Wapo watakaosema hii ni polepole mno wakati nchi inawaka. Labda. Lakini miaka ile ya 2003 tulikuwa na haraka pia, tukachapa vyeti maelfu, na binti mmoja akaja bombani kuuliza swali moja tu akakuta fulana haina jibu.

Nimemaliza. Nielezeni na nyie, huko mliko kuna kikundi kinachowapa madogo kazi ya kweli, au ni semina tu? Waliowahi kuwa waelimisha rika najua mko humu, msikaushe. Na viranja pia mnaruhusiwa kujitetea!

Naomba kutoa hoja.